Upige Mnada au Uandike Bei?

Simu imemfikisha mkulima wa Kaisho na mfugaji wa Nyaishozi mahali ambapo zamani alifika mfanyabiashara mwenye lori tu. Picha ya magunia inapigwa uani asubuhi, na kabla ya saa sita watu wa Mwanza, Dodoma na Mbezi wameshaiona na kuanza kuuliza. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Mali iko mbele ya macho ya watu, wanunuzi wanagonga mlango, lakini muuzaji hajaamua atauzaje. Awaache washindane kwa dau, au aandike bei yake na kumsubiri atakayeilipa?

Nitatoa jibu mapema ili asiye na muda wa kusoma yote asiondoke mikono mitupu. Piga mnada kitu ambacho bei yake huijui vizuri, na ambacho wanunuzi wake unaweza kuwakusanya kwa wakati mmoja. Andika bei kwenye kitu ambacho gharama yake unaijua, na ambacho unataka mnunuzi akirudie mwezi ujao. Kisha, kwa njia yoyote utakayochagua, hakikisha hulazimiki kuuza siku ile ile. Muuzaji mwenye dhiki hushindwa kwenye mnada, na hushindwa dukani pia.

Mnada tunaujua, ila tunasahau kwa nini hufanya kazi

Watu wa wilaya za Karagwe na Kyerwa si wageni wa mnada. Katika misimu ya karibuni kahawa ya maganda inayokusanywa na vyama vya msingi, AMCOS, chini ya chama kikuu cha ushirika, KDCU, imekuwa ikipigiwa mnada mbele ya wakulima wenyewe. Mwenye umri wa kutosha anakumbuka utaratibu uliotangulia: unapeleka kahawa chamani, unapewa malipo ya awali, halafu unasubiri nyongeza ambayo hujui itakuja lini wala itakuwa kiasi gani. Mnada ulipoingia, mkulima alianza kusikia bei kwa masikio yake siku hiyo hiyo, na kuwajua waliotoa dau na waliozidiwa.

Sababu ya mnada kufaa kwa kahawa ni kwamba bei yake haitengenezwi Kayanga wala Nkwenda. Robusta yetu inafuata soko la London, na soko hilo halitabiriki. Mwanzoni mwa mwaka 2024 tani moja ya robusta ilikuwa ikiuzwa kwa kama dola 3,000 huko. Kufika Septemba mwaka huo ilishapita dola 5,000. Mkulima gani angeweza kuandika bei mwezi Januari na ikabaki ya haki mwezi wa tisa? Hakuna. Panapokuwa na mabadiliko ya namna hiyo, wanaojua thamani ya kahawa ni wanunuzi wenye oda mkononi, na njia ya kuwafanya waseme wanachokijua ni kuwashindanisha.

Sasa itazame butura kwa jicho hilo. Kuuza kahawa ikiwa bado maua, au ikiwa mbichi mtini, nako ni kuuza kwa bei iliyokwisha pangwa. Ila bei hiyo inapangwa na mnunuzi, inapangwa miezi kadhaa kabla ya mavuno, na inapangwa siku ambayo muuzaji anadaiwa ada ya shule au ana mgonjwa hospitalini. Serikali inaipiga marufuku, na halmashauri zetu zimeipigia kelele miaka mingi, lakini haijafa kwa sababu inatatua shida ya leo. Naitaja kwa sababu somo lake linavuka mpaka wa kahawa: bei iliyoandikwa ni nzuri ikiwa wewe ndiye uliyeiandika, ukiwa umetulia, na ukiwa na uhuru wa kuibadilisha. Anayetaka kuepuka butura aanze na akiba ndogo au mkopo wa chama wa kumvusha hadi mavuno, kabla ya kufikiria mtandao.

Bei ya mnada huamuliwa na mnunuzi wa pili

Watu wengi hudhani mnada hutoa bei ya juu kuliko zote. Hebu tupige hesabu. Una dume wa Ankole mwenye pembe nzuri, umeweka video yake kwenye kundi la WhatsApp na kutangaza kwamba mwenye dau kubwa atamchukua. Kuna watu watatu wanaomtaka. Wa kwanza, moyoni mwake, yuko tayari kulipa milioni 2. Wa pili anaishia milioni 1.2. Wa tatu laki 8. Dau litapanda hadi wa tatu aachie, litapanda tena hadi wa pili achoke, na hapo litasimama, kwa sababu wa kwanza hana sababu ya kujipandishia mwenyewe. Utauza kwa milioni 1.2 na kidogo. Zile karibu laki 8 zilizobaki mfukoni mwa mshindi hutaziona kamwe.

Mwanauchumi William Vickrey alilichambua jambo hili katika makala yake ya mwaka 1961, na mwaka 1996 alipewa tuzo ya Nobel. Mwaka huo huo wa 1996 wanauchumi Jeremy Bulow na Paul Klemperer walionyesha jambo ambalo kila muuzaji angepaswa kulibandika ukutani: kwa kawaida, kuongeza mshindani mmoja wa kweli kwenye mnada kuna faida kuliko ujuzi wote wa muuzaji wa kujadiliana bei. Kwa lugha ya stendi ya Kayanga, mdomo wako mtamu hauna thamani kama ya mnunuzi mmoja zaidi anayetaka mali ile ile.

Kwa hiyo kabla ya kutangaza mnada mtandaoni jiulize: nina wanunuzi wangapi ambao wanataka kitu hiki, wana pesa wiki hii, na hawajuani? Kundi la WhatsApp lenye watu 200 linaweza kuwa na wanunuzi wawili tu wa kweli, na hao wawili wanaweza kuwa shemeji. Ikiwa jibu ni chini ya watatu au wanne, achana na mnada. Utamwachia mtu mali kwa bei ya kutupa huku ukijisifu kwamba umeuza kwa ushindani.

Ikiwa wapo wa kutosha, kazi yako kubwa ni kuwakutanisha. Tangaza siku tatu au nne kabla, taja siku na saa. Tumia redio ya jamii, maana tangazo la Radio Fadeco linafika kwa mchinjaji na mfanyabiashara ambaye hayumo kwenye kundi lako la simu. Chagua jioni, watu wakishatoka mashambani na sokoni. Epuka siku za mvua kubwa zinazokata umeme na mtandao. Pia fikiria kuunganisha mzigo: wafugaji wanne wakiuza madume wanane kwa pamoja watamvutia mnunuzi wa kutoka Mwanza ambaye asingefunga safari kwa dume mmoja. Ndiyo siri ya AMCOS, na inafanya kazi hata bila AMCOS.

Majirani zetu ng'ambo ya mto

Kuna mfano mzuri wa mnada wa mtandaoni hapo hapo ng'ambo ya Mto Kagera. Mwaka 2008 Rwanda ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuendesha shindano la Cup of Excellence, lililoanzia Brazil mwaka 1999. Waonjaji huchuja sampuli raundi kwa raundi na kuzipa alama, na kahawa chache zinazoshinda hupigiwa mnada kwenye intaneti, huku wanunuzi wa Japani, Ulaya, Marekani na kwingineko wakishindana kutoka ofisini kwao. Ethiopia iliingia mwaka 2020, na kahawa iliyoshika nafasi ya kwanza huko iliuzwa kwa zaidi ya dola 400 kwa kilo.

Bei ya namna hiyo inafanya mtu atamani kuweka magunia yake mtandaoni leo hii. Tulia kwanza, uangalie kilichofanya dau lipande. Mzigo ni mdogo na hauna mfano wake. Mtu asiye muuzaji ameshaupima na kuupa alama. Wanunuzi walishatumiwa sampuli, wakaionja kabla ya siku ya mnada. Na wanunuzi wenyewe wametoka mabara kadhaa. Kingekosekana kimoja, dau lingelala. Tena hiyo ni arabika, wakati sehemu kubwa ya kahawa yetu ni robusta. Robusta safi iliyochumwa ikiwa nyekundu na kuanikwa kwenye vichanja ina wateja wake wanaoongezeka, lakini nao watataka sampuli na vipimo kabla ya kutaja pesa.

Kwa hiyo ukiweka kitu mnadani, kipe mnunuzi wa mbali kila atakachohitaji ili asiogope. Mtu anayeogopa hupunguza dau, au hukaa kimya. Kwa kahawa, sema ni ya maganda au safi, taja uzito uliopimwa kwenye mzani wa halali, unyevu, mahali ilipoanikwa na mwezi ilipovunwa. Kwa mnyama, onyesha video akitembea, taja umri, chanjo na kijiji alipo. Kasoro itaje mwenyewe. Pembe iliyovunjika ukiitaja leo itakupunguzia elfu kadhaa. Ukiificha, mshindi akifika na kuiona atakataa kulipa mbele ya watu.

Bei ya chini kabisa, na hatari yake

Muuzaji wa mnada ana ngao moja: kuweka bei ambayo chini yake hauzi. Bila ngao hiyo, siku ambayo washindani wawili wamepatwa na dharura, wa tatu atakuchukulia mali bure.

Lakini ngao ikizidi uzito inamwangusha mwenyewe. Kenya ilijifunza hilo kwenye mnada wa chai wa Mombasa. Mwaka 2021 iliwekwa bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo kwa chai ya wakulima wadogo walio chini ya wakala wa chai, KTDA. Nia ilikuwa kumlinda mkulima. Wanunuzi walipoona bei hiyo haifanani na soko, hasa kwa chai ya daraja la chini, waliipita tu. Shehena kubwa zikabaki maghalani bila mnunuzi, na chai haiboreki kwa kukaa ghalani. Baadaye utaratibu huo uliondolewa.

Bei yako ya chini basi isitokane na matamanio wala na deni unalodaiwa. Itokane na swali moja: nisipouza leo, ninaweza kupata kiasi gani kwa hakika kwingine? Kama mchinjaji wa Omurushaka atakupa laki 9 wiki ijayo bila maneno, basi bei yako ya chini ni laki 9, ukitoa gharama ya kumlisha dume wiki hiyo. Iandike kwenye karatasi kabla ya mnada kuanza na umwonyeshe mtu mmoja unayemwamini, ili usije ukaibadilisha kwa hamaki. Ikiwa hakuna dau lililoifikia, shukuru, funga mnada, rudi nyumbani na mali yako.

Kanuni za mnada wa kwenye simu

Zipo hila nne zinazoua minada ya mtandaoni, na kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza ni kuvizia. Mtu anakaa kimya saa nzima, kisha anatupa dau sekunde ya mwisho wenzake wakiwa hawana muda wa kujibu. Dawa: tangaza kwamba dau lolote litakaloingia dakika tano za mwisho litaongeza dakika tano nyingine. Mnada ufungwe watu wanapoishiwa nguvu, usifungwe na saa.

Ya pili ni mshindi hewa. Anapandisha dau, anashinda, halafu simu haipatikani. Dawa: kila anayetaka kushiriki atoe kwanza kishika uchumba kidogo kwa mtu wa kati, kitakachorudishwa kwa walioshindwa siku hiyo hiyo. Na mshindi apewe saa 24 za kulipa, baada ya hapo mali inakwenda kwa dau la pili.

Ya tatu ni wanunuzi kuelewana. Hii ni ya zamani kuliko intaneti. Wanunuzi watano wanakunywa chai pamoja asubuhi, wanakubaliana nani achukue mzigo wa leo na nani wa kesho. Ukiihisi, acha dau la wazi. Omba kila mmoja akutumie dau lake moja kwa siri kabla ya saa fulani, kisha yafunguliwe yote mbele ya mashahidi. Asiyejua mwenzake ameandika nini huona ugumu wa kutimiza makubaliano ya mezani.

Ya nne ni yako mwenyewe: kumweka ndugu yako apandishe dau la uongo. Usifanye hivyo. Mbali na kuwa ni udanganyifu, wilaya hizi ni ndogo na watu wanajuana. Likijulikana mara moja, tangazo lako linalofuata halitasomwa na mtu.

Kwa nini dunia ilihama kwenye mnada

Wanaodhani mnada ndiyo biashara ya kisasa wangeangalia safari ya eBay. Tovuti hiyo ilianzishwa na Pierre Omidyar mwaka 1995 ikiwa ya minada mitupu. Mwaka 2000 ikaongeza kitufe cha kununua papo hapo kwa bei iliyotajwa, na miaka ilivyosogea bei iliyotajwa ikaumeza mnada. Mwaka 2018 mwanauchumi Liran Einav na wenzake walichapisha uchambuzi wao wa takwimu za soko hilo. Walipima kama mnada ulififia kwa sababu aina ya bidhaa au ya wauzaji imebadilika, wakakuta sivyo. Sababu kubwa waliyoiona ni wanunuzi wenyewe: hamu yao ya kununua kwa njia ya mnada ilishuka, na muuzaji aliyepiga mnada akawa hapati tena alichokuwa akipata zamani.

Hilo lina maana kubwa kwetu. Mama wa Dar es Salaam aliyezaliwa Bugene, anayetaka kahawa ya kutafuna kwa ajili ya wageni wa Jumamosi, hatakaa kwenye simu usiku kucha akipandisha dau la mia tano. Anataka kujua bei, alipe, na mzigo ufike. Ukimchosha atanunua kwa mwingine. Bidhaa zetu nyingi za kufungashwa ni za aina hiyo: kahawa ya kukaanga na kusaga, kahawa ya kutafuna, asali, maharage, vanila ya vifungu vidogo, mikeka na vikapu vya vipimo vinavyofanana.

Duka lenye bei: anza na gharama

Bei nzuri ya dukani huanzia kwenye daftari. Chukua mfano wa kahawa ya kukaanga. Kilo 100 za maganda makavu ya robusta zikikobolewa hutoa takribani kilo 50 za kahawa safi. Ikikaangwa inapoteza uzito tena, kiasi cha sehemu moja ya sita hadi moja ya tano. Unabaki na kilo 40 hivi. Sasa tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba maganda ni shilingi 4,000 kwa kilo. Kilo 100 ni shilingi 400,000, na ukigawa kwa kilo 40 unapata shilingi 10,000 kwa kila kilo ya kahawa iliyokaangwa. Pakiti ya robo kilo imebeba kahawa ya shilingi 2,500 kabla hujagusa kitu kingine.

Ongeza kukoboa, kukaanga, mfuko, lebo, nauli ya kufika stendi, ada za kutoa pesa kwenye simu, pakiti zinazoharibika na muda wako. Tuseme vyote ni shilingi 1,500 kwa pakiti. Umefika 4,000 na hujapata faida hata ya senti. Ukimwona mtu mtandaoni anauza kwa 4,000 ukamfuata ili usionekane ghali, mtafanya kazi ya bure wawili.

Hapa kuna kosa ambalo wakulima wengi hulifanya: wanahesabu kahawa ya shamba lao kama ya bure. Si ya bure. Ungeipeleka AMCOS ungelipwa. Bei ya mnada wa chama ndiyo gharama yako ya malighafi, hata kama mbuni ulipandwa na babu. Kwa hesabu hiyo utagundua pia lini usikaange kabisa: mwaka ambao mnada umepanda sana na wateja wako wa pakiti hawako tayari kuongeza, peleka maganda chamani na ubakize kidogo cha kuwatunza wateja wa kudumu.

Ukishapata bei, iandike. Iweke pale pale chini ya picha. Mtindo wa kuandika "bei inbox" unawakera wanunuzi, na wana haki. Mtu akilazimika kuuliza bei anahisi utamkadiria kwa picha ya wasifu wake. Wengi hawaulizi, wanapita. WhatsApp Business ina orodha ya bidhaa ambayo kila picha inakaa na bei yake; itumie, na ukibadilisha bei ibadilishe kila mahali siku moja.

Wateja wetu wamezoea kupatana, na bei iliyoandikwa haitawazuia kukuandikia "dada, ya mwisho ngapi?" Usikasirike. Kuwa na jibu tayari ambalo linapunguza bei kwa sababu inayoeleweka: pakiti moja bei hii, pakiti kumi bei ile, na anayenunua kila mwezi anabebewa nauli ya kwenda stendi. Ukimpunguzia mmoja kwa sababu tu ameng'ang'ania, kesho wote watang'ang'ania, na aliyelipa kamili bila kelele atajiona amepunjwa.

Gharama ya usafirishaji itaje peke yake. Mzigo wa basi kutoka Kayanga hadi Kituo cha Magufuli pale Mbezi una bei yake, na mnunuzi akiiona pembeni anaelewa kwamba humtozi wewe. Mtumie picha ya risiti ya mzigo, namba ya basi na saa ya kuondoka. Hayo matatu yanajenga uaminifu kuliko tangazo lolote.

Mwisho, bei iwe na tarehe ya ukomo. Andika kwamba bei hii ni hadi mwisho wa mwezi fulani. Kahawa ikipanda hutaonekana tapeli, na mteja aliyekuwa akisitasita atapata sababu ya kuamua.

Kuchanganya njia mbili

Hakuna sheria inayokulazimisha kuchagua njia moja maisha yote. Mtu mwenye busara hutumia mnada kujifunza na duka kuishi. Umetengeneza kitu kipya, tuseme robusta ya vichanja iliyochaguliwa kwa mkono, na hujui watu wa mjini wataithamini kiasi gani. Toa pakiti kumi tu, zipige mnada moja moja kwa wateja wako wa karibu, uangalie madau yanakusanyika wapi. Dau la juu kabisa lisikulevye. Huenda ni mtu mmoja mwenye mapenzi na wewe. Angalia pale ambapo wengi walifika kabla ya kuachia. Hapo ndipo bei yako ya duka ilipo.

Kinyume chake pia kinawezekana. Unaweza kuwa na duka la bei zilizoandikwa, na mara moja kwa mwaka ukapiga mnada kitu cha pekee: mavuno bora ya msimu, kikapu kikubwa kilichofumwa wiki tatu, dume wa mbegu. Wateja wa dukani watakuwa ndio washindani wa mnada wako, na tayari wanajua kwamba ukilipwa unatuma.

Maharage yana hesabu yake. Bei ya gunia inajulikana kila asubuhi kuanzia Nkwenda hadi Mwanza, kwa hiyo mnada hauna cha kukufundisha. Andika bei, uza kwa kilo, ukatae lumbesa. Ng'ombe ni upande wa pili: hakuna wawili wanaofanana, kwa hiyo hata ukiandika bei utajadiliana tu. Mnada unakufaa, wa uwanjani au wa kwenye simu, mradi una kibali cha kusafirisha mifugo.

Karatasi na pesa

Yapo mambo yasiyotegemea njia uliyochagua. Uwe na namba ya mlipakodi na leseni ya biashara kutoka halmashauri. Bidhaa ya chakula iliyofungashwa ina masharti ya TBS, ambayo tangu mwaka 2019 ndiyo yenye jukumu la usalama wa chakula lililokuwa la TFDA. Biashara ya kahawa inasimamiwa na Bodi ya Kahawa, hivyo kabla ya kununua maganda ya jirani au kukaanga kwa ajili ya kuuza, uliza kwa afisa ushirika au kwenye Bodi ni leseni gani inayokuhusu. SIDO mkoani inasaidia wajasiriamali wadogo kwenye vifungashio na mafunzo. Na bei ya upande wa pili wa daraja la Murongo isikushawishi kuvusha kahawa kwa njia za panya; mzigo ukikamatwa hakuna mnada wala duka litakalokurudishia.

Kuhusu malipo, usitume mzigo kwa kuamini ujumbe wa simu. Ujumbe unaweza kughushiwa. Angalia salio lako mwenyewe, au tumia Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara, kisha ndipo ufunge mfuko. Kwa mzigo mkubwa, mnunuzi mgeni alipe nusu kwanza na nusu akishapimiwa. Na matapeli wapo pande zote, kwa hiyo na wewe mnunuzi akikuomba ushahidi usione umedharauliwa.

Kwa msimu unaokuja, anza na daftari lenye safu nne: kitu unachouza, gharama yake hadi mlangoni kwa mnunuzi, idadi ya wanunuzi wa kweli unaowajua, na siku ambazo unaweza kusubiri bila kukopa. Penye gharama iliyo wazi na wateja wanaorudi, andika bei. Penye wanunuzi wengi na bei isiyotabirika, piga mnada. Na safu ya nne ikisoma sifuri, usiuze mtandaoni bado. Nenda kwanza kwenye kikundi chako cha kuweka na kukopa ukajipatie wiki mbili za kusubiri, maana bei yoyote utakayopata kabla ya hapo itakuwa imepangwa na mwingine.